Kabla ya Kufunga Kibanda cha Gemu: Maoni ya Mchezaji

Katika vikao vya wananchi kutoa maoni, suala la vibanda vya gemu huzuka hata pale lisipokuwa kwenye ajenda. Mzazi mmoja husimama na kuomba vifungwe vyote. Kijana aliyekaa nyuma hujibu kwamba kibanda hicho ndicho kinachomlipia kodi ya nyumba. Hapo kikao hugawanyika pande mbili, na mara nyingi kila upande huwa unazungumzia kitu tofauti kwa jina lile lile moja la gemu.

Somo la toleo hili ni kuvitenganisha vitu hivyo. Mwandishi wake ni afisa wa habari wa kaunti, lakini pia ni mchezaji. Nilianza utotoni na zile kaseti za manjano za kuchomeka kwenye mashine ya runinga, nikapitia PlayStation 2 za mtaani, na mpaka leo Jumamosi jioni nikipata nafasi nashika pedi. Haya ni maoni ya mtu aliyelipa, aliyefungwa mabao na aliyerudi kesho yake kucheza tena.

Jambo hili linatuhusu kama kaunti kwa sababu ya sheria. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linazipa serikali za kaunti jukumu la burudani za umma, na ndani ya fungu hilo hilo moja yametajwa maonyesho ya video, maktaba, michezo, na pia kamari. Kwa hiyo maktaba na mashine ya kamari zimewekwa kwenye meza ya serikali moja. Anayetaka kuchangia maoni kuhusu leseni za vibanda vya gemu ni vyema ajue anachochangia ni kipi.

Mchezo unaoisha

Chukua soka la kwenye skrini, ambalo ndilo hasa linaloendesha vibanda vyetu. Mfululizo wa FIFA ulianza mwaka 1993, na tangu 2023 unaitwa EA Sports FC. Kibandani, watu wawili hukaa mbele ya runinga moja, kila mmoja na pedi yake, mechi huchukua dakika chache, firimbi hulia, na kwa kawaida aliyefungwa humpisha anayesubiri kwenye benchi. Bei ya mechi inajulikana kabla ya kukaa. Ukiwa na shilingi za mechi mbili, unacheza mechi mbili.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo nguvu ya kwanza ya gemu nzuri: ina mwisho, na mwisho huo unauona tangu mwanzo. Mzazi anaweza kumwambia mwanawe, "Cheza mechi mbili halafu urudi," na maneno hayo yakawa na maana. Hata mchezo wa zamani wa Tetris, uliobuniwa Moscow mwaka 1984, huisha wenyewe, kwa kuwa vipande huanguka kwa kasi inayozidi hadi vidole vishindwe. (Desemba 2023 kijana wa miaka 13 kutoka Oklahoma, Marekani, alicheza toleo lake la zamani mpaka mashine yenyewe ikaganda. Wachezaji tulishangilia kama vile Harambee Stars wametwaa kombe.)

Nguvu ya pili ni namna gemu inavyomfundisha mtu kukosea. Darasani mtoto hufanya hesabu leo na huenda akajua amekosa wiki ijayo, mbele ya wenzake, kwa kalamu nyekundu. Kwenye gemu kosa hujulikana papo hapo. Umetoa pasi mbovu, mpira umekwenda, jaribu tena. Nimewaona vijana walioacha shule wakieleza mfumo wa mabeki watatu dhidi ya wanne, sababu ya kumpumzisha winga aliyechoka, na jinsi ya kulinda bao moja, kwa mantiki ambayo mwalimu yeyote angeipa alama nzuri. Hawakuhubiriwa. Walifungwa mpaka wakaelewa.

Je, kuna ushahidi nje ya vibanda? Upo, ingawa unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mwaka 2007 jarida la Archives of Surgery la Marekani lilichapisha utafiti uliofanywa na Dkt. James Rosser na wenzake miongoni mwa madaktari 33 wa upasuaji jijini New York. Waliowahi kucheza gemu zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37, katika mazoezi ya upasuaji wa kutumia kamera, kuliko wasiowahi kucheza. Matokeo hayo hayasemi kwamba gemu humfanya mtu daktari. Watu 33 ni wachache, na huenda wenye mikono mepesi ndio waliopenda gemu tangu awali. Lakini ukimsikia mtu akidai kwamba gemu huharibu akili na mikono moja kwa moja, una la kumjibu.

Mchezo usiotaka uondoke

Sasa tugeukie upande ambao sisi wachezaji huwa hatupendi kuuzungumzia mbele ya wazazi.

Gemu nyingi za simu hutolewa bure, na kampuni zinazozitengeneza hupata pesa baadaye, wakati tayari umeshanaswa. Candy Crush Saga, iliyotoka mwaka 2012, ni mfano ulio wazi. Unapewa maisha matano. Ukishindwa unapoteza moja, na kila moja hurudi baada ya dakika 30. Usipotaka kungoja, unaweza kulipa. Mwenye gemu hiyo hauzi mchezo bali anauza kutosubiri. Gemu nyingine humpa mchezaji zawadi kwa kufungua programu kila siku, na akikosa siku moja anaanza upya. Hapo hakuna firimbi ya mwisho. Mama akisema "maliza, uje ule," mtoto hana pa kumalizia.

Lakini udhaifu mkubwa zaidi, na hapa nitasema kwa ukali kidogo, ni pakiti. Tangu mwaka 2009 mfululizo wa FIFA umekuwa na sehemu iitwayo Ultimate Team, ambapo mchezaji hujijengea kikosi kwa kadi za wanasoka. Kadi hupatikana kwa kucheza sana, au kwa kununua pakiti zilizofungwa. Unalipa kwanza, ndipo unafungua kuona umepata nani. Huenda ukapata mshambuliaji wa kiwango cha dunia, na mara nyingi zaidi utapata beki usiyemjua. Mwaka unaofuata hutoka toleo jipya, na kikosi ulichokijenga hakihamii huko.

Kulipa pesa kwa kitu kinachoamuliwa na bahati, ukiwa na tumaini la kupata kikubwa, kwa Kiswahili chetu cha kila siku kuna jina lake. Pakiti ni kamari iliyovaa jezi. Tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ilifikia uamuzi wa namna hiyo mwaka 2018, na mapema 2019 uuzaji wa sarafu za kununulia pakiti hizo ukasimamishwa nchini humo. Uholanzi mambo yalikwenda kinyume: faini ya euro milioni 10 iliyotolewa kwa sababu hiyo hiyo ilifutwa na mahakama ya juu ya utawala mwaka 2022, kwa hoja kwamba pakiti ni sehemu ya mchezo wa ujuzi. Wanasheria hawajakubaliana. Mimi naegemea Ubelgiji, kwa kuwa ujuzi hauna nafasi yoyote wakati kidole kinafungua pakiti.

Ukishaielewa pakiti, ni rahisi kutambua vitu viwili vinavyojificha nyuma ya jina la gemu mitaani. Cha kwanza ni mashine za kutumbukiza sarafu ya shilingi 20. Cha pili ni ule mchezo wa ndege inayopaa kwenye simu, ambapo unaweka pesa na kujaribu kuzitoa kabla ndege haijatoweka. Vyote viwili vina rangi, sauti na vitufe kama gemu, lakini hakuna unachojifunza kwa kurudia mara mia, kwa sababu mashine haijali umecheza vizuri au vibaya. Hiyo ni kamari kamili, na sheria ya Kenya hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kushiriki.

Kwa hiyo mzazi anayekwenda kukagua kibanda, au mkazi anayetoa maoni kuhusu leseni yake, atazame jambo hili kabla ya yote: je, pesa inanunua muda wa kucheza au inanunua bahati? Kibanda chenye runinga nne na foleni ya soka ni kitu kimoja. Kibanda chenye runinga nne mbele na mashine ya sarafu nyuma ya pazia ni kingine, hata kama bango la mlangoni ni lile lile.

Umri na saa

Gemu za diski huwa na alama ya umri kwenye kasha. Za mfumo wa Ulaya, PEGI, ni namba: 3, 7, 12, 16 na 18. Za mfumo wa Marekani ni herufi, na M maana yake ni miaka 17 na kuendelea. Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004, ambayo nadhani nusu ya rika langu tuliimaliza, ni ya watu wazima kwa mifumo yote miwili. Tatizo la kibandani ni kwamba kasha halionekani, na mara nyingi gemu imehifadhiwa ndani ya mashine. Muulize mwenye kibanda ana gemu zipi za alama ya 18 na ni nani huzicheza saa kumi na moja jioni, watoto wakiwa njiani kutoka shuleni. Anayejali kazi yake atakuwa na jibu.

Kuhusu uraibu, neno hilo linatumika ovyo. Shirika la Afya Duniani liliuweka ugonjwa wa kucheza gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, inayotumika tangu Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kudhibiti uchezaji wake, gemu kutangulia mambo mengine yote ya maisha, na kuendelea kucheza hata madhara yakiwa wazi. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12 kabla ya kuitwa ugonjwa. Kijana aliyekesha usiku mmoja wakati wa likizo si mgonjwa. Aliyeacha masomo, kazi na marafiki kwa mwaka mzima apelekwe kwa mhudumu wa afya. Viboko havitamtibu.

Wako pia wanaoamini kwamba gemu ni ajira. Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya Marekani ya UYU kwa ustadi wake wa Tekken. Ni jambo la kujivunia, lakini ni kama soka lenyewe: wanaopenya ni wachache sana, na kijana asiambiwe vinginevyo.

Gemu iliyojenga uwanja

Kuna mfano mmoja ambao sisi wa serikali za kaunti tungefaa kuujua zaidi. Minecraft ni gemu ya kujenga kwa matofali ya mraba, na Microsoft iliinunua kampuni iliyoitengeneza kwa dola bilioni 2.5 mwaka 2014. Mwaka 2012 kampuni hiyo ilishirikiana na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, kuanzisha mpango wa Block by Block. Miongoni mwa maeneo ya kwanza kabisa ulikojaribiwa ni Kibera, katika uwanja wa michezo wa Silanga.

Utaratibu wake ni huu. Eneo halisi huchorwa ndani ya gemu, na mitaro na njia zake. Wakazi huketi kwa vikundi kwenye kompyuta, wakafundishwa kushika vitufe, kisha wakajenga wanachotaka: hapa taa, pale vyoo, njia ipite huku. Baadaye kila kikundi husimama kueleza alichojenga, na wasanifu huchukua mawazo hayo kwenye michoro yao. Mtu ambaye hajawahi kusoma ramani ya mhandisi anaweza kuonyesha kwa kidole mahali anapoogopa kupita usiku. Yeyote aliyehudhuria kikao cha bajeti, akaona kurasa za takwimu zikigawiwa kwa watu waliotoka shambani, ataelewa uzito wa jambo hilo.

Kasoro moja inayoniuma kama mtu wa lugha: sijawahi kusikia mtangazaji wa Kiswahili kwenye soka la skrini, na Gor Mahia na AFC Leopards hawamo. Watoto wetu wanajua benchi la klabu za Uingereza kuliko la klabu za nyumbani. Hilo litabadilika siku vijana wetu watakapotengeneza gemu zao wenyewe.

Kwa sasa, mzazi ambaye mtoto wake huchezea simu ya nyumbani afanye mambo mawili leo jioni. Aingie kwenye mipangilio ya duka la programu na aweke sharti la nenosiri kwa kila ununuzi, kisha ahakikishe kadi ya benki, muda wa maongezi au pesa za simu havijaunganishwa na akaunti anayotumia mtoto. Halafu aketi karibu na mtoto, aombe kuchezeshwa raundi moja, na aulize: "Hii inaisha lini?"