Cheche ya Plagi katika Injini Isiyo na Betri

Swali: Pampu ya petroli ya kumwagilia shamba huwashwa kwa kuvuta kamba. Haina betri. Eleza jinsi cheche inavyopatikana kwenye plagi. (Alama 5)

Watahiniwa wengi hujibu: "Kamba inatoa umeme." Jibu hilo halina alama. Andika hatua tano, kila moja alama yake:

1. Kamba huzungusha flaiwili yenye sumaku.

2. Sumaku ikipita karibu na koili ya kwanza, uga wa sumaku hubadilika na mkondo huzalishwa. Koili hii ina mizunguko michache ya waya mnene, na sakiti yake hufungwa na swichi ndogo iitwayo platini.

3. Mkondo ukishakuwa mkubwa, platini huachana. Mkondo hukatika ghafla na uga hupungua kwa kasi.

4. Badiliko hilo la kasi huzalisha zaidi ya volti 10,000 katika koili ya pili, yenye maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba.

5. Umeme huruka pengo la plagi, takriban milimita 0.7, na kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa.

Kumbuka: cheche hutokea mkondo unapokatika, si unapoanza kupita. Katika injini za kisasa transista hukata mkondo badala ya platini, lakini kanuni ya Faraday ni ileile.

Jipime: Kwa nini injini haiwaki ukivuta kamba polepole? Jibu kwa kutaja kasi ya kubadilika kwa uga wa sumaku.