Povu Si Seli: Ninavyoandaa Somo la Hadubini

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha Biolojia, Kidato cha Kwanza walinichorea seli za kupendeza: duara safi, ukingo mweusi mnene, na katikati kitone kimoja. Nikawawekea vema wote. Jioni, darasa likiwa tupu, nikachungulia slaidi zao mwenyewe. Yalikuwa mapovu ya hewa. Kile kitone walikiongeza kwa sababu chati ya ukutani inaonyesha kiini, na mimi nikasahihisha kwa kufuata chati hiyohiyo.

Siku hizi, kabla ya somo, chati naigeuza itazame ukuta. Kisha tunafuata hatua hizi.

Mahitaji. Kitunguu maji, wembe, kibanio cha nyusi, sindano, iodini, karatasi ya chooni, slaidi na vioo vyembamba vya kufunikia. Hadubini zetu ni za kioo cha chini, hivyo umeme ukikatika somo linaendelea.

1. Bandua ngozi. Kata kitunguu mara nne, utoe tabaka moja nene. Upande wake wa ndani, uliobonyea, una ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Ivute kwa kibanio, ukate kipande kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Ganda kavu la nje achana nalo.

2. Maji kwanza. Dondosha tone la maji kwenye slaidi, ndipo utandaze ngozi juu yake. Ikijikunja, seli zitapandana na hutaona kitu. Ongeza tone la iodini ili kiini kishike rangi.

3. Funika kwa upole. Hapa ndipo mapovu yetu yalipozaliwa, maana tulikuwa tunabwaga kioo kama mfuniko wa sufuria. Gusisha ukingo mmoja kwenye maji, egemeza mwingine kwenye sindano, kisha ulaze polepole ili hewa itangulie kutoka. Maji yaliyozidi yanyonye kwa karatasi.

4. Tafuta mwanga. Elekeza kioo cha hadubini kwenye dirisha au mawingu meupe. Kamwe usikielekeze kwenye jua, kwani miali itakayopita kwenye lenzi inaweza kuliharibu jicho.

5. Anza chini. Lenzi ya jicho ya 10 ikikutana na lenzi ya chini ya 4, unaona kitu kimekuzwa mara 40. Ukiweka lenzi ya 40, unafika mara 400. Anayeanzia huko hupotea, maana eneo analoliona ni dogo mno. Isogeze lenzi karibu na slaidi huku ukitazama kwa ubavuni, kisha chungulia ukiwa unaitenga. Kwenye lenzi kubwa tumia skrubu ndogo peke yake. Skrubu kubwa imeshanivunjia slaidi kadhaa. Na usishangae ukisukuma slaidi kulia, taswira ikakimbilia kushoto.

Mambo yakienda sawa, utaona kama ukuta wa matofali marefu. Mara nyingi kiini kimebanwa pembeni, si katikati kama kwenye chati, kwa sababu vakuoli kubwa imejaza nafasi. Kila mwaka kuna anayeuliza kloroplasti zimeenda wapi. Simjibu, namuuliza tabaka la ndani la kitunguu hupata wapi mwanga. Hapo hucheka, akafuta zile alizokwisha kuchora.

Ukiwa na shaka kama ni povu, gonga kioo taratibu kwa ncha ya penseli. Povu hutikisika au kuhama, ndani yake ni tupu. Seli hubaki zimeshikana na jirani zake.

Ndipo ninapowasimulia habari za Robert Hooke. Mwaka 1665, katika kitabu chake Micrographia, Mwingereza huyu alichora kipande cha gome la mti wa koki. Aliona vijumba vitupu, akavipa jina ambalo ndilo lililotupatia neno seli. Kiini hakukichora. Zile zilikuwa seli zilizokufa, zimebaki kuta tu, naye alichora alichokiona.

Seli zenye kazi maalumu. Wiki inayofuata napaka rangi ya kucha isiyo na rangi chini ya jani, inakauka, naibandua kwa selotepu. Alama iliyobaki huonyesha seli linzi mbilimbili, zimekabiliana kama midomo kuzunguka kitundu cha stomata. Kwa vinyweleo vya mzizi, otesha choroko kwenye pamba yenye unyevu siku mbili tatu. Kila kinyweleo ni seli moja iliyojirefusha ili igusane na maji mengi zaidi. Siwaambii kazi yake mapema; nawataka wabuni kwa kutazama umbo lake.

Sheria ya kuchora ni moja: penseli, mistari safi, na usichokiona usikichore.

Muhula uliopita, binti mmoja aliniletea mchoro wenye matofali tisa, manne hayana kiini, na duara jeusi pembeni. Kwenye duara ameandika: "hewa". Nikamwekea vema.