NA MIZANI YAKO IMEOKOKA?

Somo fupi kwa kijana anayejiuliza: mtu anaokolewa kwa imani au kwa matendo mema?

Karatasi hii umepewa mkononi, labda ukitoka Mwaloni Kirumba, labda stendi, labda umeegemea pikipiki pembeni ya viwanja vya Furahisha unasikiliza mahubiri kwa mbali. Usiikunje kwanza ukafungia karanga. Isome mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe.

Nina swali moja. Ukisimama mbele za Mungu leo usiku, utamwambia nini?

Nimewauliza vijana wengi swali hili, na jibu karibu ni lile lile: "Mimi si mbaya kihivyo. Siui mtu. Mama namtumia hela kijijini. Mwenye shida nikimkuta namsaidia. Mungu atapima mwenyewe."

Sawa. Tuzungumze basi juu ya kupima, maana mizani naijua. Nimekula ugali wa mizani.

1. NILIVYOKUWA

Nilikuwa karani wa mizani kwenye mwalo mmoja wa ziwa hili. Bosi ananunua sangara, wavuvi wanaleta asubuhi, mimi napima na kuandika. Kazi yenyewe ilikuwa na siri. Kabla mitumbwi haijafika narudisha mshale nyuma kidogo ya sifuri, nusu kilo tu. Mvuvi amechoka, amekesha majini, hatazami sifuri; anatazama mshale unaposimama. Kila nikipima, nusu kilo yake inabaki kwetu. Nikipima mara 40 kwa siku, kilo 20 zimekwenda. Bosi alijua, na mimi nilipata changu.

Sikujiona mwizi. Nilijiona mjanja wa mjini. Tena nilikuwa mkarimu! Mtoto akipita na njaa nampa samaki. Msibani nachanga. Nikifanya hesabu yangu moyoni, mema yanazidi.

Siku moja ya mkutano wa Injili nilipita tu, wala sikuwa na mpango. Neno likanikamata. Nililia kama mtoto, nikapita mbele, nikaombewa. Usiku ule nililala kwa amani ambayo sijawahi kuijua.

Jumatatu nikarudi kazini naimba pambio. Na mkono wangu, kwa mazoea, ukarudisha mshale nyuma.

Akaja mzee mmoja mvuvi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, akaweka samaki wake. Kisha akaniambia polepole, bila hasira: "Kijana wangu, nasikia umeokoka. Ni jambo jema. Na mizani yako, nayo imeokoka?"

Sikuwa na jibu. Somo hili lote limetoka kwenye swali la mzee yule.

2. MIZANI YA MUNGU HAIHONGWI

Tuanze na wewe unayesema Mungu atapima mema yako na mabaya yako. Ndugu yangu, hakimu wa kweli hapimi hivyo. Ukikamatwa umeiba simu, utamwambia hakimu, "Lakini jana nilimvusha bibi kizee barabara"? Kumvusha bibi ni vizuri, ila simu ya watu bado iko mfukoni mwako. Wema wa leo haufuti deni la jana. Wema wa leo ulikuwa wajibu wa leo.

Fungua Warumi 3:23. Paulo anasema wote tumekosa, hakuna aliyefikia kimo cha utukufu wa Mungu. Halafu soma Waefeso 2, mstari wa 8 mpaka wa 10. Hapo anaeleza kwamba kuokolewa ni zawadi ya Mungu inayopokelewa kwa imani. Haitokani na kazi zetu, ili asipatikane mtu wa kujitapa mbele zake.

Sisi watu wa ziwa tunajua kuokolewa ni nini. Wazazi wetu hawajaisahau MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikija Mwanza. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kikitoka Bugolora, kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara. Walikufa watu zaidi ya 200. Sisemi hata kidogo kwamba waliokufa walikuwa wabaya kuliko sisi. Bwana Yesu alikataa mawazo ya namna hiyo katika Luka 13:1-5. Nataka ukumbuke jambo moja tu. Siku mbili baada ya ajali ile, wapiga mbizi walimtoa fundi mmoja akiwa hai ndani ya chombo kilichopinduka, mahali palipobaki hewa. Walizama wakamfuata chini kule kule alikokuwa amenaswa. Wala hawakumwomba kwanza aonyeshe cheti cha tabia njema.

Ndivyo alivyofanya Yesu. Hakukusubiri ufukweni ujitengeneze uogelee mpaka kwake. Alishuka. Alikufa msalabani kwa ajili ya dhambi zako, akafufuka siku ya tatu. Imani ni kuushika mkono huo.

Yule mhalifu aliyesulubiwa karibu na Yesu (Luka 23:39-43) alipata wapi nafasi ya kutenda mema? Mikono imepigiliwa, miguu imepigiliwa. Hakutoa sadaka, hakubatizwa, hakurudisha alichoiba. Alimwomba Yesu amkumbuke, basi. Na siku ile ile akaahidiwa kuwa pamoja naye Peponi. Kama yeye alipokelewa, wewe utakataliwa kwa sababu gani?

3. SASA MATENDO YA NINI?

Hapa kuna kijana amefurahi. Anasema, "Kumbe! Basi naamini, halafu naendelea na dili zangu." Subiri, mshikaji. Wewe ndiye niliyekuwa mimi Jumatatu ile.

Soma Yakobo 2:14-26. Yakobo anatoa mfano wa mtu asiye na nguo wala chakula, na mwenzake anamwambia aende salama, ashibe, apate joto, bila kumpa kitu. Maneno hayo yana faida gani? Ndivyo ilivyo imani isiyo na matendo, asema Yakobo, ni maiti. Anaongeza kwamba hata mashetani wanaamini kuwa Mungu ni mmoja, na wanatetemeka. Kwa hiyo kusema "naamini Mungu yupo" bado hakujakutenga na shetani.

Wengine wanadhani Paulo na Yakobo wanapingana. Angalia vizuri, maana wote wawili wanamtaja Abrahamu. Paulo katika Warumi 4 anashika habari ya Mwanzo 15:6. Abrahamu hana mtoto, anaamini ahadi, na Mungu anamhesabia haki. Yakobo anashika habari ya Mwanzo 22, Abrahamu alipokuwa tayari kumtoa Isaka. Isaka yule alikuwa hajazaliwa katika sura ya 15! Imani ilitangulia kwa miaka mingi, utii ukaja kuthibitisha kwamba imani ile ilikuwa hai. Paulo anamjibu mtu anayetaka kujinunulia wokovu. Yakobo anamjibu mtu anayedai ameupata huku maisha yake hayajaguswa.

Embe haliufanyi mti uwe mwembe. Mti ni mwembe kabla haujazaa. Lakini ukikaa miaka nenda rudi chini ya mti unaoitwa mwembe, na majira yote huoni hata embe moja, una haki ya kuuliza huo ni mti gani.

Mtazame Zakayo katika Luka 19:1-10, mtoza ushuru, mtu wa mizani kama mimi. Angalia mpangilio. Yesu alimwita kwa jina na kusema ataingia nyumbani mwake kabla Zakayo hajarudisha hata senti moja. Upendo ulitangulia. Lakini ulipoingia ndani, Zakayo hakuweza kukaa kitini. Alisimama akatoa nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu akaahidi kumlipa mara nne. Mhalifu wa msalabani hakuwa na muda wa kutenda. Zakayo alikuwa nao, akautumia. Na wewe unayesoma una muda.

4. MOTO ULIOZUNGUKA ZIWA HILI

Huko mtaani mnatucheka, "mlokole, mlokole!" Unajua neno hilo limetoka wapi? Limevuka ziwa kutoka kwa Waganda. Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe kule Kampala, watu wawili walikutana wakiwa na njaa ya Mungu: Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini, Rwanda. Walikuwa Waanglikana. Walisoma Neno na kuomba pamoja, wakitafuta kujazwa Roho Mtakatifu. Katika miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, ukaenea Uganda, ukafika Kenya na huku kwetu upande wa Bukoba. Watu wale wakaitwa Balokole, maana yake waliookoka.

Majirani waliwajuaje? Ni kweli waliimba na kulia, lakini kelele peke yake mtu huzizoea. Walikiri dhambi zao wazi, wakarudisha walivyoiba, wakalipa madeni yaliyokuwa yamesahauliwa. Na hawakurudisha ili wapate kuoshwa. Walisema wameoshwa tayari kwa damu ya Yesu, ndiyo maana hawawezi kulala na mali ya mtu ndani.

Unasema walokole wa siku hizi wengine ni wanafiki? Kweli, wapo. Nilikuwa mmoja wao kwa asubuhi moja, na Mungu alimtuma mvuvi anikemee. Lakini noti bandia haikufanyi uzitupe noti halali. Inakufundisha kuzikagua, ukianza na zilizo mfukoni mwako.

5. NILIVYOFANYA

Jioni ile nilimfuata mzee wa kanisa nikamwambia, "Baba, wokovu wangu umekwisha." Akanisomea Zakayo. Akaniambia, "Mwanangu, usilipe ili Yesu akupende. Amekwisha kukupenda. Lipa kwa sababu anakaa kwako."

Kesho yake niliweka mshale kwenye sifuri. Bosi alivumilia siku chache, kisha akanionyesha njia. Nilikaa bila kazi, na nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba. Sikudanganyi: kufuata Yesu kulinigharimu mkate.

Nilikuwa nimeweka akiba kidogo. Nikamwendea yule mzee, nikamweleza mambo yote, nikampa zile fedha nilizokisia ni zake. Hakunisifu. Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye leso, akaniuliza, "Na wale wengine je?"

Niliwatafuta. Baadhi nimewalipa kidogo kidogo, kwa vibarua. Wengine walikwisha hama kambi, wengine wamekufa, wengine hata sura zao siwakumbuki. Deni lile siwezi kulimaliza mpaka naingia kaburini. Hapo ndipo nilipoelewa neema. Kama mbingu ingekuwa ni kwa wale waliofanikiwa kulipa kila kitu, mimi nisingeingia. Naingia kwa sababu Yesu alilipa. Na bado kila nikimwona mtu wa mwalo ule namsogelea kuuliza, maana aliyelipiwa kiasi kile hawezi kuwa bahili wa kulipa.

6. JIPIME

Chukua kalamu. Jibu kwa kweli, hakuna anayekuona ila Mungu.

(a) Unategemea nini mbele za Mungu: wema wako, dini ya wazazi wako, au Yesu aliyekufia?
(b) Ukisema umeokoka, ni nani nyumbani au kazini ameona tofauti?
(c) Mizani yako ni ipi? Chenji ya abiria? Simu uliyonunua ukijua imeibwa? Mtoto uliyemkana mama yake akibeba mimba? Mshahara wa msaidizi wako uliomzungusha?
(d) Ni mtu gani mmoja unayepaswa kumwendea wiki hii?

Usianze na (d) ukaruka (a). Ukirekebisha mizani bila Yesu, utakuwa mtu mwaminifu aliyepotea. Na ukisema una Yesu huku hutaki hata kuiangalia mizani, jihoji ni Yesu yupi.

7. LEO NI SIKU YAKO

Kama moyo wako unagonga, usisubiri mkutano mwingine. Hapo hapo ulipo, hata kama ni kijiweni, sema na Mungu hivi, kwa kumaanisha:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimejipima kwa mizani yangu na nimejidanganya. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Sina cha kukulipa. Nisamehe, niokoe, ingia kwangu. Nipe Roho wako, na unipe ujasiri wa kunyoosha nilivyopinda. Amina."

Umeomba? Bwana asifiwe! Sasa fanya haya: soma Injili ya Luka, sura moja kila siku. Tafuta kanisa linalofundisha Neno, uwaambie ulichofanya, ubatizwe. Halafu nenda kwa yule mtu uliyemwandika kwenye (d). Nenda na shikamoo yako na ukweli wako. Huenda akakusamehe, huenda akakufukuza. Wewe nenda.

Ukimaliza kusoma, usiitupe. Mpe mwenzako.