Zawadi Ndogo na Adabu Njema



Katika somo la mwezi huu twataka kuchunguza swali ambalo wazazi hutuuliza mara kwa mara, na walimu wa watoto hutuuliza zaidi: Je, yafaa kumpa mtu zawadi kwa sababu ameonyesha adabu? Wako wasemao kwamba watoto wa siku hizi hawatendi jambo jema bila kupewa kitu. Wako wengine wasemao kwamba adabu ya kununuliwa si adabu, ni biashara. Pande zote mbili zina ukweli ndani yake, na kwa hiyo hatuna budi kulitazama jambo lenyewe polepole.

Tumechagua mfano wa mbali, yaani bustani kubwa za burudani za Ulaya na Marekani. Huko maelfu ya watu wasiojuana hukusanyika kila siku, na tabia za watu huonekana wazi kuliko zinavyoonekana nyumbani.

1. Mahali ambapo adabu hujaribiwa

Bustani ya namna hii ni eneo kubwa lililozungushiwa ua. Mtu hulipa kiingilio langoni, kisha ndani hupanda treni ndogo zinazopaa na kushuka kwa kasi, hupanda mashua na pembea, na kutazama maonyesho. Iliyo maarufu ni Disneyland, ambayo Walt Disney aliifungua huko Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955. Baadaye zilifunguliwa nyingine za jina hilo huko Florida mwaka 1971, karibu na Tokyo mwaka 1983, na karibu na Paris mwaka 1992.

Si vigumu kuona kwa nini adabu hupata shida mahali kama hapo. Kwanza, kuna foleni. Mtu aweza kusimama saa nzima akingojea mchezo wa dakika chache. Pili, amelipa fedha nyingi, na mwenye kulipa hujiona ana haki kuliko jirani yake ambaye naye amelipa vilevile. Tatu, kuna jua, uchovu na kilio cha watoto. Nne, na hili ndilo kubwa, yule anayemsukuma hatamwona tena maisha yake yote. Kijijini, mtoto akimpita bibi kizee kisimani bila kumwamkia, habari hufika nyumbani kabla yake. Katika umati wa wageni hakuna habari inayofika nyumbani.

Wenye bustani wanalijua jambo hili. Wao walianza na wafanyakazi wao wenyewe. Katika bustani za Disney adabu imewekwa miongoni mwa kanuni kuu za kazi, ikifuata usalama. Mfanyakazi hufundishwa kumwelekeza mgeni njia kwa kiganja kilicho wazi au kwa vidole viwili, kwa kuwa kumnyoshea mtu kidole kimoja ni dharau katika nchi nyingi. Hata kwetu twalijua hilo. Mwishoni mwa mwaka 2022 bustani zao za Marekani ziliongeza katika maelekezo kwa wageni ombi la kutendeana kwa heshima na upole.

Ombi hilo ni jema. Lakini sisi tuliokaa miaka mingi mbele ya madarasa twajua kwamba tangazo lililobandikwa ukutani husomwa hasa na wale ambao adabu wanayo tayari. Basi, wengine wafikiwe kwa njia gani?

2. Pipa lisemalo asante

Huko Kaatsheuvel, kusini mwa Uholanzi, iko bustani iitwayo Efteling. Ilifunguliwa tarehe 31 Mei 1952, na sura yake ilichorwa na msanii Anton Pieck kwa kufuata hadithi za kale za watoto. Tangu mwaka 1959 bustani hiyo ina mapipa ya taka ya ajabu. Pipa limejengwa kwa sura ya mtu mnene mwenye kinywa kilicho wazi, aitwaye Holle Bolle Gijs, jina la mlafi katika wimbo wa watoto wa Kiholanzi. Mlafi huyu huita kwa sauti kwamba karatasi ziletwe kwake. Mtoto akisogeza karatasi kinywani, upepo huivuta kwa nguvu hadi ndani, na pipa humshukuru.

Basi watoto hawangoji mpaka wawe na taka zao wenyewe. Huenda kuokota karatasi zilizotupwa na wengine ili wamlishe mlafi na kuisikia sauti yake.

Tuichunguze zawadi hii. Si peremende, wala si fedha. Ni neno asante, pamoja na mchezo kidogo. Huja palepale baada ya tendo, wala mtoto haambiwi angoje mpaka mwisho wa juma. Hutolewa kwa kila mtoto sawasawa, awe wa tajiri au wa maskini. Haiwezi kuuzwa wala kuibwa. Tena ni ya jamii moja na tendo lenyewe: umefanya la adabu, nawe umerudishiwa la adabu.

Mtu atasema, “Lakini mtoto yule anapenda mchezo, hapendi usafi.” Ni kweli. Lakini hata mwanafunzi wa darasa la kwanza hapendi herufi. Hupenda wimbo anaoimbiwa herufi. Mkono hujifunza kwanza, na moyo hufuata nyuma, ikiwa mwalimu hakuharibu njia.

3. Zawadi inapofaa, na inapodhuru

Mwaka 1971 watafiti watatu wa Marekani, Burgess, Clark na Hendee, walitoa taarifa ya jaribio walilofanya katika sinema za watoto mjini Seattle. Siku za kawaida, watoto waliziweka mahali pake kama sehemu moja tu ya tano ya taka zao. Walipopewa mifuko na kuambiwa waitumie, ilipita nusu kidogo. Walipoahidiwa senti 10 za Marekani kwa kila mfuko wenye taka, ilipita asilimia 90. Kwa hiyo anayesema kwamba zawadi ndogo haina nguvu, hajaitazama.

Lakini mwaka 1973 walitokea wataalamu wengine, Lepper, Greene na Nisbett, waliofanya jaribio kwa watoto 51 wa chekechea waliopenda kuchora. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti kizuri chenye utepe kama wangechora. Kundi la pili halikuahidiwa kitu, ila baada ya kuchora walipewa cheti kilekile kwa ghafula. Kundi la tatu halikupewa kitu. Siku kadhaa baadaye, wakiwa huru kucheza wapendavyo, watoto walioahidiwa cheti walichora kwa muda wa nusu hivi tu ya wengine. Mchezo ulikuwa umegeuka kazi, na kazi isiyo na mshahara haina mwenyewe. Wale waliopewa cheti kwa ghafula hawakudhurika.

Tena mwaka 2008 Warneken na Tomasello walieleza juu ya watoto wa miezi 20, ambao kwa asili hupenda kumwokotea mtu mzima kitu kilichomwanguka. Waliopewa kichezeo kidogo kila mara waliposaidia, baadaye walipunguza kusaidia. Waliosifiwa tu, au wasiopewa lolote, waliendelea.

Na zawadi ikiwa kubwa huvuta hila. Bustani za Disney zilikuwa na utaratibu wa kuwarahisishia wageni walemavu njia ya kuingia michezoni pamoja na jamaa zao. Ulikuwa utaratibu wa huruma. Mwaka 2013 magazeti ya Marekani yalieleza kwamba baadhi ya matajiri walikuwa wakimwajiri mtu mlemavu afuatane nao kama jamaa, ili wasisimame foleni. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo utaratibu ulibadilishwa, na waliopata taabu ni wale wenye haja ya kweli. Faida ilipokuwa kubwa kuliko aibu, huruma ikageuzwa mtaji.

4. Kanuni tunazozipata

Wazee wetu walisema, mcheza kwao hutunzwa. Tulitazame neno hilo kwa jicho la mwalimu. Mchezaji ngomani haahidiwi bei kabla hajacheza. Huchezea furaha yake, na katikati ya ngoma mtu huinuka kwa ghafula akamtunza sarafu mbele ya watu. Sarafu ile haimtajirishi, humwambia, “Tumekuona.” Jaribio la mwaka 1973 halikuwazidi wazee hawa.

Kwa hiyo twaweza kuweka kanuni tano:

(a) Zawadi isitangazwe mapema. Mgeni aliyempisha mama mwenye mtoto mgongoni apewe beji ndogo baada ya tendo, asiwe ameahidiwa beji ili ampishe.

(b) Iwe ndogo kiasi cha kutomfaa mdanganyifu.

(c) Itaje tendo lenyewe. “Umefanya vizuri” ni neno jepesi. “Umempisha babu, naye amekaa kivulini” ni fundisho.

(d) Itolewe na mtu anayemtazama mwenzake usoni, wala isiwe mashindano ya kuhesabu pointi. Panapo mshindi wa adabu, wengine wote wameshindwa adabu.

(e) Ipungue kadiri tabia inavyokua, ibaki asante peke yake. Asante haipungui kamwe.

5. Kwa watoto wetu

Hatuna bustani ya namna hiyo mtaani kwetu, lakini foleni tunazo. Siku ya Sikukuu ya Mavuno, sahani zinapogawiwa, twawaona watoto wetu walivyo. Siku ya safari ya Shule ya Jumapili, mlango wa basi hutuonyesha zaidi.

Katika miaka ya kuwakagua walimu wanafunzi wa chuo cha ualimu wakiwa katika mazoezi ya kufundisha, tuliona mara nyingi kijana mwenye bidii akiingia darasani na mfuko wa peremende. Juma la kwanza mikono yote ilikuwa juu. Juma la tatu watoto waliuliza kwanza, “Mwalimu, leo kuna nini?” Peremende zikiisha, mikono nayo ilishuka. Kosa halikuwa katika peremende, bali katika ile ahadi ya kila siku.

Liko jambo moja lisilo na dawa rahisi, nalo lafaa kutusumbua. Zawadi humpata anayeonekana. Katika kila kundi yuko mtoto mpole anayesubiri nyuma, anayempa mwenzake nafasi bila mtu kujua, anayeinua kikombe cha mzee kilichoanguka na kwenda zake. Tukigawa beji na tukampita huyo mara tatu, tutakuwa tumemfundisha kwamba adabu isiyo na shahidi ni hasara. Mtoto huyo ndiye tuliyekuwa tukimtafuta, naye tutakuwa tumempoteza kwa mikono yetu. Kwa sababu hiyo, atoaye zawadi lazima kwanza ajifunze kutazama nyuma ya foleni. Na asipokuwa na uhakika kwamba ataona vizuri, afadhali abaki na neno asante, alitoe kwa wengi.

Methali yasema, tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Hilo ni neno kwa mtendaji. Kwetu sisi watazamaji halitupi ruhusa ya kunyamaza. Yeye asingoje, nasi tusichelewe.

Maswali ya kujadili

1. Taja jambo moja la adabu ambalo watoto wako hulitenda bila kuahidiwa kitu. Walijifunza wapi?

2. Je, katika nyumba yako iko ahadi ya zawadi ambayo yafaa iondolewe polepole? Utaiondoaje bila mtoto kuona amedhulumiwa?

3. Ni nani aliyekutendea adabu juma hili nawe hukumwambia asante?

4. Kama kikundi, pangeni jinsi watoto watakavyopewa chakula katika sikukuu ijayo. Nani atasimama nyuma ya foleni, na kazi yake itakuwa nini?