Somo la wiki: Duka la mtandaoni likihama, wateja hupotea njia

MAUZO ya mtandaoni ya kampuni ya Marks & Spencer ya Uingereza yalishuka kwa asilimia 8.1 katika wiki 13 zilizoishia Juni 28, 2014. Jina la duka halikubadilika. Kilichobadilika ni mfumo wa kuliendesha.

Tangu 2007 tovuti ya kampuni hiyo ilikuwa ikitumia mfumo wa Amazon. Februari 2014 ilihamia mfumo wake yenyewe, katika mradi uliogharimu paundi milioni 150 hivi. Wateja wa zamani walitakiwa kujiandikisha upya, na uongozi ulieleza kuwa tovuti mpya ilihitaji muda wa kutulia.

Mfanyabiashara mdogo anayehamisha duka lake hukabiliwa na hatari hiyo hiyo ya kuwasumbua wateja wa zamani. Hatari ya pili ni kupoteza wageni wanaoletwa na mitambo ya utafutaji kama Google.

Kila bidhaa mtandaoni ina ukurasa, na kila ukurasa una anwani. Google huihifadhi anwani hiyo na kuipa nafasi kutokana, pamoja na mambo mengine, na tovuti nyingine zinazoitaja. Programu mpya mara nyingi hubadili anwani hizo. Mgeni akifuata anwani ya zamani hukuta ukurasa haupo, naye huenda kwa mshindani. Ni sawa na duka kuhamia mtaa wa pili bila kuacha kibao mlangoni.

Hasara yake hupimika. Chukua mfano wa duka linalopata wageni 1,000 kwa siku, 600 kati yao wakitoka kwenye utafutaji. Iwapo wageni wawili katika kila 100 hununua, kupoteza nusu ya hao 600 ni kupoteza wanunuzi sita kwa siku, yaani 180 kwa mwezi. Bei nafuu ya programu mpya haiwezi kufidia pengo hilo kwa urahisi.

Kinga yake ni hizi:

1. Kabla ya kuhama, andika orodha ya anwani zote za zamani, pamoja na idadi ya wageni wa kila ukurasa.

2. Kila anwani ya zamani ielekezwe moja kwa moja kwenye ukurasa mpya wa bidhaa ile ile, kwa maelekezo ya kudumu ambayo mafundi huyaita 301. Usizielekeze zote kwenye ukurasa wa mbele. Google hushauri maelekezo hayo yaachwe kwa mwaka mmoja au zaidi.

3. Hakikisha kizuizi kilichowekwa wakati wa majaribio, ili Google isisome tovuti ambayo haijakamilika, kimeondolewa. Kikisahauliwa, duka zima linaweza kutoweka kwenye utafutaji.

4. Hama katika msimu wa biashara ndogo, si wiki chache kabla ya Idd au Krismasi.

Kwa mwenye hisa, tangazo la mfumo mpya ni ishara ya kufuatilia ripoti za robo mwaka kwa makini na kutenganisha sababu. Katika wiki 13 zilizoishia Desemba 27, 2014, mauzo ya mtandaoni ya Marks & Spencer yalishuka tena kwa asilimia 5.9, lakini safari hiyo tatizo kubwa lilikuwa ghala la usambazaji la Castle Donington lililozidiwa na oda. Robo iliyofuata, iliyoishia Machi 28, 2015, yalipanda kwa asilimia 13.8. Aliyeamua kwa ripoti moja tu aliona sehemu ndogo ya hesabu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa duka la mtandaoni linalohama, orodha ya anwani za zamani ndiyo daftari lenyewe.