Mtu mzima anapoanza kumeza vidonge vya umakini

Swali la wiki hii limetoka kwetu Hanga, mkoani Ruvuma, na aliyeliuliza ni baba yangu mdogo. Mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye kwa miaka kadhaa sasa anaishi na kufanya kazi Uingereza, alikuja likizo akiwa na paketi ya dawa. Kila asubuhi akimeza kidonge kimoja. Kijana mmoja wa jirani akalitafuta jina la dawa ile kwenye simu, akasoma kwamba ni ya jamii ya amfetamini, na kabla ya adhuhuri habari ilikwishaenea. Baba mdogo akanipigia: “Mwanangu, mwenzio anakula madawa ya kulevya. Wewe ndiye mkubwa. Mwambie aache kabla mama yenu hajapandwa na presha.”

Nimeona nimjibu hapa gazetini, kwa kuwa najua hayuko peke yake. Zipo familia nyingi za Kiislamu mijini zenye kijana aliyerudi kutoka hospitali na dawa ya namna hii, akawekewa kikao cha ukoo badala ya kuulizwa anaumwa nini.

Anaumwa nini basi? Madaktari huiita hali hii kwa kifupi ADHD, yaani upungufu wa umakini pamoja na mhangaiko uliopita kiasi. Huanza utotoni. Zamani ilidhaniwa kwamba mtoto akikua inakwisha, lakini sasa inajulikana kuwa wengi hukua nayo, na inakadiriwa kwamba watu wazima 2 hadi 3 katika kila 100 wanaishi nayo. Kwa mtu mzima mhangaiko wa mwili hupungua, unabaki wa ndani: kusahau ahadi, kuchelewa kila mahali, kuanza kazi kumi na kumaliza moja, kudakia maneno ya watu, kutumia fedha kabla ya kufikiri. Sisi kwa kawaida tunayo majina yetu ya kumpa mtu huyo. Akiwa mdogo ni mtundu au kichwa ngumu. Akikua ni mzembe, au ana jini.

Mdogo wangu alichapwa sana kwa kupoteza majembe na kwa kuwaacha mbuzi wakala mahindi ya watu. Ukubwani aliachishwa kazi tatu, zote kwa kuchelewa. Lakini jambo lililomuuma kuliko yote, na ambalo hakuwahi kumwambia mtu, ni la sala. Karibu kila sala hakuwa na hakika kama yuko rakaa ya tatu au ya nne. Akisujudu sijda ya kusahau siku baada ya siku, mpaka akaona haya kusali karibu na watu wanaomjua. Alikuwa na umri wa miaka 39 daktari alipomweleza kwamba tabia hizo zote zina mzizi mmoja.

Sasa tuje kwenye dawa yenyewe. Baba mdogo hakukosea jina. Ni kweli ni jamii ya amfetamini, nayo ipo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa kimataifa kwa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Ni dawa ya kuchangamsha ubongo. Mwaka 1937 daktari wa Kimarekani aitwaye Charles Bradley aliwapa watoto waliokuwa hospitalini kwake dawa ya amfetamini, akitarajia kuwatuliza maumivu ya kichwa. Vichwa havikupona kama alivyotaka, ila wengi wa watoto wale wakaanza kutulia darasani na kufanya hesabu. Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon akatengeneza huko Uswisi dawa nyingine ya kuchangamsha, methilfenideti, na hizo jamii mbili ndizo zinazotumika zaidi mpaka leo. Inashangaza kwamba kichangamshi kinamtuliza asiyetulia. Maelezo ya wataalamu ni kwamba dawa hizi huongeza dopamini na noradrenalini katika ubongo, kemikali zinazosaidia mtu kushika jambo moja na kuyaacha mengine yapite.

Hofu ya wazee ina msingi, wala siwabezi. Zipo dawa za ukoo huu zilizoleta maangamizi. Kaptagoni, ambayo imezijaza jela za Ghuba wauzaji na walevi, ilianza mwaka 1961 ikiwa dawa halali ya hospitali nchini Ujerumani, na miongoni mwa waliopewa ni watoto wasiotulia. Mirungi nayo, ambayo kwetu Tanzania imekatazwa na sheria, ina kemikali inayofanana sana na amfetamini. Na wapo wanafunzi wasio na ugonjwa wowote wanaomeza vidonge hivi ili wakeshe na vitabu. Hao wanatumia vibaya, na hukumu yao isichanganywe na ya mgonjwa aliyepimwa, akapewa kipimo kidogo, anayemeza kimoja asubuhi akaenda kazini. Mlevi anatafuta akili imwondoke. Huyu anatafuta ahesabu rakaa zake.

Na niseme neno ambalo nyumbani halitapendwa. Wilaya zetu za Songea na Namtumbo zimelima tumbaku ya moshi miaka mingi, na chama chetu kikuu cha ushirika, SONAMCU, kimekuwa kikiiuza. Nikotini nayo ni kichangamshi cha ubongo. Mzee anayevuta misokoto kumi kwa siku hajawahi kuwekewa kikao.

Sasa niyaeleze ya wiki za mwanzo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea, wanaomeza na wanaowatazama.

Siku ya kwanza mdogo wangu alimeza miligramu 30, ndicho kipimo cha kuanzia kwa mtu mzima kwa dawa aliyopewa. Baada ya saa moja na nusu, anasema, mkewe alikuwa akimweleza habari za ada ya mtoto, naye akagundua kuwa amesikia maneno yote, mwanzo hadi mwisho, bila ya kujilazimisha. Akaingia chooni akalia. Akadhani amepona. Siku ya tatu alipanga makaratasi ya nyumba nzima, akasahau kula mchana, na usiku usingizi haukuja mpaka saa nane. Jioni, dawa ilipokuwa ikimwishia, alikuwa mkali kwa watoto kuliko siku zote, na mkewe akauliza kama kweli hii ni dawa. Daktari alipopandisha hadi miligramu 50, mdomo ukakauka, moyo ukawa unadunda hata akiwa amekaa. Akateremshwa hadi 40, hapo akatulia. Safari yote hiyo ilichukua wiki tisa.

Hii si habari ya mtu mmoja tu. Kukosa hamu ya kula, kukosa usingizi, kichwa kuuma, mapigo ya moyo na presha kupanda, na hasira wakati dawa inapoisha, haya ndiyo yanayojulikana zaidi. Wapo wanaojisikia wakavu, kama vile uchangamfu wao umechukuliwa, na mara nyingi hiyo ni dalili kuwa kipimo kimezidi. Wapo wasiopata nafuu kwa jamii moja wakaipata kwa nyingine. Wapo wasioipata kabisa, hao hupewa dawa isiyo ya kuchangamsha, ambayo matokeo yake huchukua wiki kadhaa kuonekana. Kwa hiyo anayetangaza siku ya kwanza kwamba amepona amewahi mno, na anayetupa dawa siku ya nne kwa sababu ya kichwa amewahi vilevile. Kipimo hutafutwa taratibu, chini ya macho ya daktari, mgonjwa akiandika kila siku alichokula, alivyolala na moyo ulivyokuwa. Mwenzi wa ndoa aulizwe pia, kwani mara nyingi yeye huona kabla ya mgonjwa mwenyewe.

Sisi watu wa Songea tuna sababu zetu za kuitazama kwa makini dawa inayoahidi mengi. Babu zetu walipewa maji, wakaambiwa risasi za Mjerumani hazitawadhuru, na kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906 lipo pale Songea mjini kwenye makumbusho ya Majimaji. Basi na tuseme wazi kidonge hiki hakifanyi nini. Hakilipi madeni ya zamani, wala hakimfundishi mtu kuandika shughuli zake. Mdogo wangu bado anatumia kengele ya simu na daftari, na bado huchelewa. Jambo lingine halisemwi sana: baada ya furaha ya wiki ya kwanza humjia mtu huzuni. Anaikumbuka miaka ile, bakora zile, kazi zile tatu, anajiuliza angekuwa wapi kama angejulikana mapema. Hapo anahitaji ndugu wa kukaa naye kuliko anavyohitaji kikao.

Si kila mtu anafaa kumeza. NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 inataka mgonjwa kwanza apimwe presha, mapigo ya moyo na uzito, na aulizwe maradhi ya moyo yake na ya familia yake. Mwenye historia ya kuchanganyikiwa akili huweza kuzidishiwa na dawa hizi. Tena kukosa umakini kuna sababu nyingi: tezi ya shingo, msongo, kukosa usingizi, sonona. Nayasema haya kwa sababu shemeji yangu mmoja, mama mwenye nia njema, alimwomba mdogo wangu vidonge viwili amjaribishie mtoto wake anayefeli hesabu. Alikataa, na alifanya vizuri. Kumgawia mtu dawa hii ni hatari kwa mwili wake na ni kosa mbele ya sheria.

Mwenye shaka aanzie kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa, au aende Muhimbili, au Mirembe kule Dodoma. Asitarajie kuzikuta dawa hizi duka la jirani. Mwaka 2019 na tena 2021 Shirika la Afya Duniani liliombwa kuiingiza methilfenideti katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa ajili ya watoto, likakataa kwa maelezo kwamba ushahidi haukutosha. Nchi nyingi maskini hununua kwa kuifuata orodha hiyo. Hata huko kwenye fedha mambo si laini, kwani Septemba 2023 Uingereza yenyewe ilitangaza uhaba, na wagonjwa wakahangaika miezi. Na msafiri asibebe dawa hizi bila ya barua ya daktari. Anayekwenda Dubai aombe kibali mapema, kwani Falme za Kiarabu ni kali katika jambo hili.

Limebaki swali la funga, ambalo baba mdogo hakuliuliza lakini vijana wananiuliza. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya aya zenyewe za funga katika Suratul Baqara, kwa hiyo hakuna haja ya mtu kujificha. Wala asibadili saa za dawa kwa rai yake. Mdogo wangu alikwenda kwa daktari mwezi mmoja kabla ya Ramadhani iliyopita. Dawa yake hufanya kazi saa 13 hivi, wakakubaliana aimeze wakati wa daku, ale kwanza ashibe, kwani ikishaingia hamu ya chakula hupotea, na anywe maji mengi kuliko wenzake. Baada ya tarawehe alilala moja kwa moja, simu akaiacha sebuleni. Siku mbili moyo ulimwenda mbio na kichwa kikamgonga, akafungua, akazilipa katika Shawwal.