Baraza Lililokula Mbegu Zake

Mkulima mwenye busara huweka mbegu zake mbali na chakula. Akiona ghala linapungua, hupunguza chakula cha kila siku, wala hagusi mbegu. Lakini mkulima mpumbavu husema moyoni, "Nitachota kidogo tu, nikivuna nitarudisha." Huchota leo, huchota kesho, hata mvua zinaponyesha hana kitu cha kupanda. Yaliyompata mkulima huyu huweza kulipata hata baraza kubwa lenye makarani hodari. Leo tutasoma habari za baraza moja la namna hiyo.

Katikati ya Uingereza kuna jimbo liitwalo Northamptonshire, linalojulikana tangu zamani kwa kazi ya kushona viatu. Watu wake walipata laki saba na nusu wakati wa habari hizi. Mwaka 1889 jimbo hilo lilipata baraza la wajumbe waliochaguliwa na wenyeji. Kazi za baraza zilikuwa nyingi: kutengeneza barabara, kuendesha maktaba, kuwatunza wazee wasiojiweza na watoto wasio na wa kuwalea. Fedha zake zilitoka katika kodi iliyolipwa na kila nyumba, na katika msaada wa Serikali Kuu.

Tangu mwaka 2010 Serikali ilianza kupunguza msaada huo kwa mabaraza yote. Wakati huo huo wazee waliohitaji kutunzwa walizidi. Baraza la Northamptonshire halikutaka kuwaudhi wenyeji, na kwa miaka kadhaa kodi yake ilikaa pale pale bila kupandishwa. Kila mwaka wakubwa wake waliandika kwamba watabana matumizi, lakini hayakubanwa kama yalivyoandikwa. Pengo lililobaki likazibwa kwa fedha za akiba. Hivyo ndivyo mbegu zilivyoanza kuliwa. Mwezi wa Oktoba 2017 baraza likafungua nyumba mpya ya ofisi zake, nyumba nzuri sana, iliyogharimu pauni milioni 53. Mpita njia aliyeitazama angedhani kwamba ndani yake mna utajiri.

Sasa yafaa tujue jinsi mabaraza ya Uingereza yanavyoangaliwa. Baraza huamua mambo yake lenyewe, lakini sheria ya mwaka 1988 yamwamuru mkuu wa hazina wa kila baraza hivi: akiona kwamba matumizi ya mwaka yatayazidi mapato, sharti aandike waraka na kuupeleka kwa wajumbe wote na kwa mkaguzi wa hesabu. Wajumbe sharti wakutane katika muda wa siku 21 ili kuujadili. Mpaka watakapokutana, baraza haliruhusiwi kujifunga kwa matumizi mapya, ila kwa zile kazi zilizoamriwa na sheria. Mtu huyu ni mtumishi wa baraza, naye hulipwa mshahara na baraza. Hata hivyo sheria yamtaka aseme kweli, wapende wasipende.

Mwezi wa Februari 2018 mkuu wa hazina wa Northamptonshire aliandika waraka huo. Kwa muda wa karibu miaka ishirini hapakuwa na baraza lolote la Uingereza lililofikwa na jambo kama hilo. Serikali ilikuwa imekwisha kumtuma mkaguzi, naye akatoa habari zake mwezi wa Machi. Wakubwa wa baraza walikuwa wakilalamika, "Tumepewa fedha chache mno." Mkaguzi akaona kwamba majimbo mengine nayo yalipunguziwa, wala hayakuanguka. Kosa kubwa lilikuwa nyumbani: hawakuifuata bajeti waliyoiandika wenyewe, na wajumbe waliotaka kuuliza maswali hawakupewa habari kamili.

Katika miezi ile ile nyumba mpya ikauzwa kwa pauni milioni 64, na baraza likabaki ndani yake kama mpangaji. Mwezi wa Mei Serikali ikapeleka makamishna wawili, nao wakapewa mamlaka juu ya fedha za baraza. Wakapekua madaftari, wakaona pengo ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Mwezi wa Julai waraka wa pili ukatolewa.

Ni nani walioumia? Si wale walioandika hesabu mbaya. Baraza lilikuwa limekata shauri kufunga maktaba 21 katika 36 zilizokuwapo, mahali ambapo watoto walisoma na wazee walipata mahali pa kukutana. Wenyeji wakaenda mahakamani, na mwezi wa Agosti 2018 jaji akaamua kwamba shauri lile halikufuata sheria. Angalieni neno hili: umaskini haulipi baraza ruhusa ya kuvunja sheria. Hata hivyo, baadaye maktaba nyingi zilikabidhiwa wenyeji waziendeshe kwa juhudi zao.

Makamishna wakafanya kazi kwa ukali. Kila matumizi yaliulizwa sababu yake. Serikali ikatoa ruhusa isiyotolewa mara nyingi, yaani kutumia fedha zilizopatikana kwa kuuza mali ili kuziba pengo, na kodi ikaruhusiwa kupandishwa kuliko ilivyo desturi. Mwisho wa mwaka wa hesabu, mwezi wa Machi 2019, mapato na matumizi yakalingana.

Je, baraza lilipona? Hesabu zilipona, lakini baraza lenyewe halikupona. Mkaguzi alikuwa ameshauri livunjwe, maana imani ya watu ilikuwa imekwisha. Tarehe 1 Aprili 2021 baraza la Northamptonshire pamoja na mabaraza saba ya wilaya zake yaliondolewa, na mawili mapya yakawekwa mahali pao, moja la kaskazini na moja la magharibi. Baraza lililoishi zaidi ya miaka 130 likafa.

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Kodi ingepandishwa kidogo kidogo mapema, na matumizi yangebanwa kweli, haingekuwa lazima kuwaita makamishna. Serikali yaweza kumtuma mkaguzi, lakini mkaguzi hufika nyumba imekwisha kuwaka moto. Mlinzi wa kwanza ni yule akaaye ndani: karani aandikaye kweli, na mjumbe aulizaye bila kuogopa. Nanyi wanafunzi, huenda siku moja mkakabidhiwa sanduku la chama, au la kanisa, au la kijiji chenu. Kumbukeni basi: mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali

1. Baraza la Northamptonshire lilipata wapi fedha zake?
2. Mkuu wa hazina hutakiwa kufanya nini akiona matumizi yatazidi mapato?
3. Kwa nini mkaguzi hakukubali malalamiko ya wakubwa wa baraza?
4. Mbegu katika habari hizi ni mfano wa nini?
5. Eleza maana ya maneno haya: "Hesabu zilipona, lakini baraza lenyewe halikupona."